Athari za dawa za kuzuia mgando katika vipimo vya damu

Athari za dawa za kuzuia mgando katika vipimo vya damu ni mabadiliko yanayoonekana katika majibu ya maabara wakati mgonjwa anatumia dawa zinazochelewesha damu kuganda, kama vile warfarini, heparini au rivaroksabani. Mara nyingine mabadiliko hayo ndiyo yanayotafutwa, kwa sababu daktari anataka kujua kama dawa inafanya kazi. Mara nyingine hupotosha: mtu mwenye ini zima huonekana kama mgonjwa wa ini, asiye na kasoro ya kurithi huonekana anayo, na mwenye dawa nyingi mwilini huonekana kana kwamba hajameza kitu.

Kwa sababu hiyo jibu la kipimo cha mgando halisomwi peke yake. INR ya 2.8 ni habari njema kwa mtu mwenye valvu ya bandia ya moyo anayetumia warfarini, lakini ni dalili ya hatari kwa mtu asiyetumia dawa yoyote. Ili kuielewa namba hiyo ni lazima kujua mgonjwa anatumia dawa gani, kwa dozi gani, na mara ya mwisho aliitumia lini.

## Jina

Katika mazungumzo ya kawaida dawa hizi huitwa "dawa za kulainisha damu" au "dawa za kufanya damu iwe nyepesi". Majina hayo yamezoeleka lakini hayaelezi kinachotokea. Damu ya mtu anayetumia warfarini haiwi nyepesi kama maji; uzito wake ni uleule. Kinachobadilika ni muda unaohitajika ili igande. Aidha, dawa hizi haziyeyushi donge la damu lililokwisha kutokea. Huzuia lisikue na huzuia mengine yasitokee, huku mwili wenyewe ukiliondoa lile la kwanza polepole.

## Jinsi damu inavyoganda

Mshipa wa damu ukikatika, kwanza chembe sahani hujikusanya kwenye jeraha na kuliziba kwa muda. Kisha protini zilizomo katika utegili, yaani majimaji ya damu, huamshana moja baada ya nyingine. Protini hizo huitwa vigandishi, na vingi kati yake hutajwa kwa namba za Kirumi: kigandishi cha II, cha VII, cha IX, cha X na kadhalika. Vingi hutengenezwa katika ini.

Mwishoni mwa mfululizo huo kigandishi cha II (protrombini) hugeuka kuwa trombini. Trombini huibadilisha protini ya fibrinojeni iliyoyeyuka katika damu kuwa nyuzi za fibrini, na nyuzi hizo hushika chembe za damu kama wavu. Madini ya kalsiamu yanahitajika katika hatua nyingi za kazi hii.

Wataalamu wa maabara huugawa mfululizo huo katika sehemu tatu ili waweze kuupima:

- njia ya nje, ambayo mhusika wake mkuu ni kigandishi cha VII;
- njia ya ndani, yenye vigandishi vya XII, XI, IX na VIII;
- njia ya pamoja, ambapo hizo mbili hukutana, yenye vigandishi vya X, V, II na fibrinojeni.

Mgawanyo huu ni wa maabara zaidi kuliko wa mwili wenyewe, lakini ndio unaoeleza kwa nini dawa moja hubadilisha kipimo hiki na kuacha kile.

## Vipimo vikuu

PT (muda wa protrombini) hupima njia ya nje na ya pamoja. Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1935 na daktari Mmarekani Armand Quick. Utegili huchanganywa na kitendanishi kiitwacho tromboplastini pamoja na kalsiamu, kisha sekunde huhesabiwa hadi ugande. Kwa kawaida ni kama sekunde 11 hadi 14, kutegemea maabara.

INR ni PT iliyosahihishwa ili majibu ya maabara mbalimbali yaweze kulinganishwa. Mtu asiyetumia dawa huwa na INR ya karibu 1.

aPTT hupima njia ya ndani na ya pamoja. Katika maabara nyingi muda wa kawaida ni kama sekunde 25 hadi 38.

Muda wa trombini hupima hatua ya mwisho tu, yaani fibrinojeni kugeuka fibrini baada ya trombini kuongezwa.

Kipimo cha kuzuiwa kwa kigandishi cha X huonyesha kwa kiasi gani dawa iliyomo katika damu inakizima kigandishi hicho. Ni kipimo ghali zaidi na hupatikana katika maabara chache.

## Warfarini na INR

Warfarini ilianza na ng'ombe. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani walikufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani yaliyooza ya mmea wa klova tamu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alipeleka ndoo ya damu isiyoganda katika maabara ya mwanakemia Karl Paul Link. Kundi la Link liliitenga kemikali iliyohusika, na mwaka 1948 dawa iliyotokana na utafiti huo ilianza kuuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 iliruhusiwa kwa tiba ya binadamu. Jina lake limetokana na herufi za mwanzo za taasisi ya Wisconsin iliyogharimia utafiti.

Warfarini huzuia matumizi ya vitamini K katika ini. Bila vitamini hiyo ini haliwezi kukamilisha vigandishi vya II, VII, IX na X. Vile vilivyokwisha kutengenezwa huendelea kuzunguka hadi viishe, na hapa ndipo kuna mtego wa kwanza. Kigandishi cha VII hupungua kwa nusu katika saa 6 hivi, lakini kigandishi cha II huchukua siku mbili hadi tatu. PT inakiona cha VII mapema. Kwa hiyo INR huweza kupanda siku ya pili au ya tatu, ikaonekana kama mgonjwa amekwisha kukingwa, ilhali bado ana protrombini ya kutosha kutengeneza donge. Ndiyo maana mtu anayeanza warfarini kwa sababu ya donge la damu hupewa pia heparini kwa angalau siku 5, na heparini haiachwi mpaka INR imefikia 2 au zaidi kwa muda wa saa 24 hivi.

Mtego wa pili ni kitendanishi. Tromboplastini hazina nguvu sawa, hivyo damu ileile huweza kutoa sekunde tofauti katika maabara mbili. Ili kuondoa tatizo hilo, mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani lilipitisha matumizi ya INR. Hesabu yake ni hii: PT ya mgonjwa hugawanywa kwa wastani wa PT ya watu wenye afya, kisha jibu hupandishwa kwa kipeo kinachoitwa ISI, ambacho mtengenezaji huandika kwenye kila toleo la kitendanishi.

Tuseme damu ya mgonjwa mmoja imepimwa katika maabara mbili, na katika zote mbili wastani wa watu wenye afya ni sekunde 12:

- Maabara ya kwanza ina kitendanishi chenye ISI ya 1.0, na PT ni sekunde 30. Hivyo 30 ÷ 12 = 2.5, na 2.5 kwa kipeo cha 1.0 ni 2.5.
- Maabara ya pili ina kitendanishi chenye ISI ya 1.8, na PT ni sekunde 20. Hivyo 20 ÷ 12 = 1.67, na 1.67 kwa kipeo cha 1.8 ni karibu 2.5.

Sekunde ni 30 na 20, lakini INR ni ileile. Mtu anayelinganisha sekunde pekee angedhani dawa imepungua nguvu, akaongeza dozi na kumweka mgonjwa katika hatari ya kutokwa damu. Kosa kama hilo huweza kutokea pia ndani ya maabara moja ikiwa toleo jipya la kitendanishi limefika na ISI ya zamani haikubadilishwa katika mashine.

Kiwango kinacholengwa hutegemea ugonjwa. Kwa donge katika mishipa ya mguu, na kwa watu wengi wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, INR hulengwa kati ya 2 na 3. Kwa valvu ya chuma iliyowekwa upande wa mitrali kwa kawaida hulengwa kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya kiwango, donge linaweza kuziba valvu au kwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Juu ya kiwango, hatari ya kutokwa damu huongezeka.

INR ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotumia warfarini na dawa za jamii yake. Kuitumia kupima nguvu ya dawa nyingine za kuzuia mgando ni kosa.

## Heparini

Heparini iligunduliwa mwaka 1916 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na hutolewa kwa sindano. Haizimi vigandishi moja kwa moja, bali huipa nguvu protini ya mwili iitwayo antitrombini, na hiyo ndiyo inayozima trombini na kigandishi cha X.

Heparini ya kawaida hurefusha aPTT, na kipimo hicho hutumika kuifuatilia. Mara nyingi hulengwa aPTT iliyo mara 1.5 hadi 2.5 ya ile ya kawaida. PT hubadilika kidogo tu, kwa sababu vitendanishi vingi vya PT vimewekewa kemikali ya kuizima heparini kwa kiasi fulani. Muda wa trombini hurefuka sana.

Heparini ya molekuli ndogo, kama enoksaparini, huzima zaidi kigandishi cha X kuliko trombini. Kwa hiyo aPTT huweza kuwa karibu na kawaida hata mgonjwa akiwa amepata dozi kamili. Ikihitajika kupimwa, kipimo sahihi ni kile cha kuzuiwa kwa kigandishi cha X, na damu huchukuliwa saa 4 hivi baada ya sindano.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa mama mjamzito mwenye valvu ya chuma. Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma na huweza kumdhuru mtoto, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, ilhali heparini haipiti. Madaktari wakimhamisha kutoka dawa moja kwenda nyingine, kipimo nacho lazima kibadilike. Kuendelea kuangalia INR ya mama anayechomwa enoksaparini hakusemi lolote kuhusu ulinzi alio nao.

## Dawa mpya za kumeza

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 zimekuwepo dawa za kumeza zinazozima kigandishi kimoja moja kwa moja. Dabigatrani huzima trombini. Rivaroksabani, apiksabani na edoksabani huzima kigandishi cha X. Mwaka 2019 ziliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Faida yake mojawapo ni kwamba hazihitaji kupimwa kila mara. Hata hivyo huonekana katika vipimo vinavyofanywa kwa sababu nyingine, kwa namna hii:

- Dabigatrani hurefusha aPTT kwa kiasi. Muda wa trombini huathirika hata dawa ikiwa kidogo sana, hivyo muda wa trombini ulio wa kawaida ni ushahidi mzuri kwamba dabigatrani haipo kwa kiasi cha maana.
- Rivaroksabani hurefusha PT kwa baadhi ya vitendanishi na huiacha karibu na kawaida kwa vingine.
- Apiksabani haibadilishi sana PT wala aPTT, hata mgonjwa akiwa na dozi kamili.

Hapa jibu la kawaida ndilo lenye hatari. Mgonjwa wa ajali anayefikishwa hospitali akiwa ametumia apiksabani asubuhi huweza kuwa na PT na aPTT nzuri kabisa, kisha akatokwa damu nyingi mezani wakati wa upasuaji. Vipimo havikukosea, havikutengenezwa kuiona dawa hiyo.

Saa nazo zina maana. Rivaroksabani hufikia kilele katika damu saa 2 hadi 4 baada ya kumezwa na kushuka katika saa zinazofuata. Sampuli ya saa 3 na sampuli ya asubuhi yake kabla ya kumeza tena huweza kutoa majibu tofauti kwa mtu yuleyule. Figo zikiwa dhaifu dawa hukaa zaidi mwilini, hasa dabigatrani, ambayo sehemu yake kubwa hutolewa na figo.

## Aspirini na dawa za chembe sahani

Aspirini na klopidogreli hazizimi vigandishi. Hudhoofisha chembe sahani zisishikamane, na kwa aspirini athari hiyo hudumu kwa uhai wote wa chembe sahani, yaani siku 7 hadi 10 hivi. PT, INR na aPTT hazibadiliki, na idadi ya chembe sahani hubaki ileile. Kwa hiyo mtu anayetumia warfarini akinunua aspirini dukani, INR yake inaweza kuendelea kuonekana nzuri ilhali hatari ya kutokwa damu imeongezeka. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa nyingi za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huweza kuchubua utumbo pia.

## Vipimo maalumu vinavyopotoshwa

Baadhi ya vipimo hufanywa kutafuta kwa nini mtu, hasa kijana, amepata donge la damu. Tatizo ni kwamba mara nyingi huagizwa wakati mgonjwa amekwisha kuanza tiba.

- Protini C na protini S ni protini zinazozuia mgando, nazo hutegemea vitamini K. Warfarini huzishusha. Mgonjwa huweza kuambiwa ana upungufu wa kurithi ambao hana. Kwa kawaida husubiriwa angalau wiki 2 baada ya kuacha warfarini, na mara nyingi zaidi ya hapo.
- Antitrombini hushuka kwa mtu anayepewa heparini. Kwa anayetumia dawa mpya za kumeza huweza kuonekana ya juu kuliko ilivyo, na upungufu wa kweli ukafichika.
- Kingamwili za lupasi hutafutwa kwa vipimo vinavyohesabu muda wa kuganda. Warfarini, heparini na dawa mpya za kumeza, hasa rivaroksabani, huweza kumfanya mtu asiye nazo aonekane anazo.
- Fibrinojeni huweza kuonekana chini kuliko ilivyo kwa mtu anayetumia dabigatrani, kutegemea kitendanishi.
- D-daima, mabaki ya fibrini iliyovunjwa, hupungua tiba ikiendelea. D-daima ndogo kwa mtu aliyekwisha kuanza dawa haitoshi kuthibitisha kwamba hakuwa na donge.

Vipimo vya vinasaba, kama kile cha badiliko la kigandishi cha V liitwalo Leiden, havibadilishwi na dawa, kwa sababu husoma jeni na havihesabu sekunde.

## Sampuli ya damu

Dawa ya kuzuia mgando haitoki kwa mgonjwa peke yake. Chupa ya sampuli nayo huwa na kizuizi cha mgando: sitrati ya sodiamu, ambayo huifunga kalsiamu ili damu isigande kabla ya kufika kwenye mashine. Chupa hiyo kwa kawaida ina kifuniko cha buluu hafifu, na uwiano wake ni sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitrati. Chupa ikijazwa nusu, sitrati huwa nyingi kuliko inavyotakiwa kwa damu iliyomo, nayo huimeza kalsiamu inayoongezwa wakati wa kupima. Majibu hurefuka, na mgonjwa huonekana amezidisha dawa. Damu ikichukuliwa katika chupa ya zambarau, inayotumika kwa kuhesabu chembe za damu, majibu ya mgando hayafai.

Kosa jingine ni kuchukua damu kwenye mpira uliosafishwa kwa heparini. Matone machache ya heparini hiyo yanatosha kurefusha aPTT. Ni salama zaidi kuchukua damu kwenye mkono usio na mpira.

Muda wa kufikisha sampuli hutofautiana. PT ya mtu anayetumia warfarini huweza kupimwa ndani ya saa 24 sampuli ikiwa imehifadhiwa katika joto la kawaida la chumba. aPTT hutakiwa ndani ya saa 4, na kwa mgonjwa wa heparini utegili hutenganishwa na chembe ndani ya saa 1, kwa sababu chembe sahani hutoa protini inayoizima heparini ndani ya chupa. Hapo jibu huwa fupi kuliko hali halisi, na daktari huweza kuongeza dozi isiyohitajika.

## Chakula na dawa nyingine

INR hupanda na kushuka hata dozi ya warfarini isipobadilika. Mboga za majani mabichi kama mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga zina vitamini K nyingi. Mtu anayezila sana msimu wa mvua na kuzikosa kiangazi huweza kuona INR ikishuka na kupanda kwa kufuata misimu. Ushauri unaotolewa si kuacha mboga bali kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki.

Dawa kadhaa zinazotumika sana Afrika Mashariki huathiri pia:

- rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huharakisha kuvunjwa kwa warfarini na kushusha INR sana; ikiachwa, INR hupanda tena katika wiki zinazofuata, na dozi iliyokuwa imeongezwa huwa ya hatari;
- kotrimoksazoli, inayotumiwa na watu wengi wanaoishi na VVU, pamoja na metronidazoli na flukonazoli, hupandisha INR;
- parasetamoli ikitumiwa kwa wingi kwa siku kadhaa huweza kuipandisha;
- baadhi ya dawa za miti shamba huingiliana na warfarini, na kwa kuwa dozi yake haijulikani, athari yake haitabiriki.

Ini likiwa na ugonjwa, PT hurefuka hata bila dawa.

## Mfano wa Tabora

Isevya ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora, magharibi mwa Tanzania. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Wapagazi kutoka Bagamoyo walifika Unyanyembe, kisha wengine wakaendelea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na wengine kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria. Reli ya Kati ilifika mwaka 1912 na kuifupisha safari ya miezi. Hata hivyo kwa mgonjwa anayetumia warfarini umbali bado ni sehemu ya tiba.

Ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi bado huharibu valvu za moyo za watoto na vijana katika Afrika Mashariki. Nchini Tanzania upasuaji wa kubadilisha valvu hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam. Zamani wagonjwa wengi walipelekwa India. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Valvu huwekwa mara moja, lakini warfarini ya mwenye valvu ya chuma humezwa kila siku maisha yote, na INR hupimwa mara kwa mara, mara nyingi kila wiki nne hivi kiwango kikishatulia, na mapema zaidi dozi au dawa nyingine ikibadilika.

Dawa mpya za kumeza zingeonekana kuwa suluhisho, lakini kwa wagonjwa hawa hazifai. Utafiti wa dabigatrani kwa wenye valvu za chuma ulisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013: madonge ya damu na kutokwa damu vilikuwa vingi kuliko kwa waliotumia warfarini. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini wenye mapigo yasiyo na mpangilio kutokana na ugonjwa wa baridi yabisi, ulionyesha kwamba waliotumia warfarini na dawa za jamii yake walipata matatizo na vifo vichache kuliko waliotumia rivaroksabani. Hivyo kipimo cha INR kitaendelea kuhitajika.

Kwa mkazi wa Isevya aliyefanyiwa upasuaji Dar es Salaam, hii ina maana kwamba dozi huweza kupangwa katika mji mmoja na INR kupimwa katika mwingine. Jambo hilo linawezekana kwa sababu INR, tofauti na sekunde za PT, imetengenezwa ili isomeke kokote. Linavunjika ikiwa maabara itaandika sekunde tu, ISI ikiwa si ya toleo linalotumika, au vitendanishi vikiisha. Kwa wanaoishi mbali na mji, kama Sikonge, Urambo au Kaliua, sampuli ya PT inaweza kustahimili safari ya saa kadhaa, lakini ya aPTT huweza kuharibika njiani. Mashine ndogo zinazopima INR kwa tone la damu ya kidole hupunguza safari, mradi vipande vyake vitunzwe mbali na joto na unyevu kama mtengenezaji alivyoelekeza. Nazo pia hazifai kwa mtu anayetumia rivaroksabani.

Mfano mwingine wa vijijini ni kuumwa na nyoka. Pale ambapo hakuna mashine, damu kidogo huwekwa katika chupa kavu na safi ya kioo na kuachwa dakika 20 bila kuguswa. Isipoganda, huchukuliwa kuwa sumu imeharibu mgando. Ikiwa aliyeumwa anatumia dawa ya kuzuia mgando, damu huweza kuchelewa kuganda kwa sababu ya dawa hiyo, na jibu likapotosha. Swali la dawa huulizwa hata hapo.

## Taarifa za kuambatana na sampuli

Makosa mengi yaliyotajwa huzuilika kwa maandishi machache. Fomu ya maabara inayofaa huonyesha:

- jina la dawa ya kuzuia mgando na dozi yake;
- siku na saa dawa ilipotumiwa mara ya mwisho;
- siku na saa damu ilipochukuliwa;
- sababu ya kipimo: kufuatilia dawa, maandalizi ya upasuaji, au kutafuta ugonjwa;
- dawa nyingine, zikiwemo za kifua kikuu, VVU na miti shamba.

Kwa mgonjwa, daftari dogo lenye tarehe, dozi na INR ya kila safari hutimiza kazi hiyohiyo, hasa anapohudumiwa katika hospitali zaidi ya moja. Mtu hashauriwi kuacha au kubadilisha dozi kwa sababu ya jibu moja lisilotarajiwa. Kwanza hukaguliwa sampuli, dawa na saa, na ikibidi kipimo hurudiwa kabla daktari hajaamua.

## Tazama pia

- Damu
- Ini
- Vitamini K
- Kiharusi
- Mkoa wa Tabora